Baba wa Ukurasa wa Kumi na Tisa

Najua utasema nimebuni, kwa kuwa kubuni ndiyo kazi yangu. Mimi ni mchoraji wa vitabu vya katuni, na watu wa kazi hii hatuaminiwi hata tukisema mvua inanyesha. Lakini hili sikulitunga. Lilinipata Kisii mjini, saa nane mchana, ukumbini mbele ya watu, na laiti ningekuwa nimeliota.

Kwanza ujue kwamba mimi si Mkisii. Nilizaliwa kule ziwani, nikaja Kisii kuchora mabango ya maduka, na kwa miaka mitatu Kikisii changu kilikuwa salamu na bei ya ndizi. Siku moja nilienda Ekerenyo kupaka rangi ukuta wa duka la dawa. Mwendesha boda aliyenibeba akanisimulia habari ya mama mmoja wa kijiji cha karibu. Majirani walisema ni mchawi, wakamfungia ndani ya nyumba yake, wakaichoma. Binti yake mdogo alisimama katikati ya majani chai akilia, "Baba, Baba," mpaka paa likaanguka.

Nilimhurumia. Lakini nikuambie ukweli wenye aibu: huruma ilikaa dakika moja, kisha nikaanza kuona picha. Mtoto angemlilia baba kwa nini, kama si baba mwenyewe aliyesimama pale na kiberiti? Sikumuuliza yeyote. Nilichora kitabu kizima, na ukurasa wa kumi na tisa nikamweka baba mlangoni na mtungi wa mafuta taa, mtoto akimvuta koti. Jina la kijiji niliacha lile lile, nikidhani linaipa hadithi uzito. Wanasema kuuliza si ujinga. Mimi nilijiona mwerevu.

Kitabu kilipendwa kuliko nilivyotarajia. Ndiyo maana kulipofanyika tamasha la mashabiki wa katuni pale mjini, nilialikwa kwenye jopo la wachoraji. Tulikuwa watatu mezani, na kila mmoja alikuwa na maikrofoni yake. Vijana walikuja wamevaa kama wahusika wanaowapenda, wengine na mapanga ya katoni, wengine na mabawa ya maturubai. Mstari wa mbele alikaa mchapishaji kutoka Nairobi aliyetaka kitabu changu cha pili. Siku hiyo nilijipaka hata manukato.

Mama mmoja aliingia wakati wa maswali. Alivaa leso na gauni la shambani, na upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeungua mpaka sikio halipo. Vijana walimpigia makofi. Kijana mmoja alimwambia, "Mathee, hiyo makeup ni noma," akajipiga naye picha. Mimi nilikuwa mbali, lakini harufu ya moshi ilinifikia. Niamini, hakuna rangi ya uso inayonuka hivyo.

Kemunto, msichana wa pale pale Kisii aliyekuwa akiongoza mazungumzo, alimpa maikrofoni. Mama alikuwa na kitabu changu, amekifungua ukurasa wa kumi na tisa.

"Mwalimu," aliniuliza kwa upole, "huyu mtoto anaita nani?"

Nilimjibu kwamba anamwita baba yake, imeandikwa hapo.

"Baba ni mimi," alisema.

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mimi pia nilicheka, bila kujua nacheka nini. Kemunto aliniinamia huku akifuta machozi ya kicheko, akaninong'oneza, "Kwetu baba ni mama. Baba wa Kiswahili tunamwita tata. Hukujua?"

Wewe ungefanya nini? Yule mtoto hakuwa akimlilia mtu wa nje. Alikuwa akimwita mama yake aliye ndani ya moto, na mimi nilikuwa nimechukua kilio chake nikambambikia mwanamume asiye na hatia.

Mama hakucheka. "Bwana yangu alikuwa amepeleka majani chai kituo cha kupimia siku hiyo," alisema. "Wale walichoma mimi wanaonyesha watu kitabu chako kwa simu, wanasema ni yeye. Saa hii wanamngojea sokoni Ekerenyo. Hapa kuna simu mingi zinarusha hii maneno mpaka huko. Sema ulikosea. Sema sasa, wasikie."

Naapa, maneno yalifika mdomoni. Kisha nilimwona mchapishaji akinitazama, kalamu mkononi, akitabasamu. Nikawaza: nikikiri hapa kwamba sikuuliza hata neno moja, nani atachapa kazi yangu tena? Nikavuta maikrofoni nikasema mama huyu ameigiza vizuri kuliko wote, apewe zawadi ya vazi bora.

Walimpa. Kilikuwa kinyago kidogo cha jiwe la Kisii, jeupe, cha mama aliyempakata mtoto. Alikipokea kwa mikono miwili, na vidole vyake vikaacha masizi juu ya jiwe. Alinitazama mara moja tu, akatoka huku anapigiwa makofi. Nilisaini vitabu mpaka jioni.

Usiku sikulala. Alfajiri nilipanda boda mpaka Ekerenyo, na kabla sijauliza lolote niliona damu kavu kwenye mawe ya sokoni. Walikuwa wamempiga yule bwana mpaka akafa jioni ile, wakimsomea ukurasa wa kumi na tisa. Watu wale wale waliomchoma mkewe walisema sasa wamemtendea haki.

Binti yake nilimkuta peke yake mlangoni kwa shangazi yake, ana miaka kama saba. Mkononi alishika kinyago cha jiwe jeupe chenye alama za masizi. Aliniangalia kama mtu aliyekuwa akinitarajia, akasema kwa Kiswahili cha shule:

"Baba alisema utakuja. Alisema utachelewa."

Safari hii sikuhitaji mkalimani.

Kitabu kimechapishwa upya. Nilirekebisha ule ukurasa, lakini wasomaji wananiandikia kwamba wa zamani ulikuwa mtamu zaidi, na picha yake bado inazunguka kwenye simu za watu. Sasa nina mwanangu, ameanza kusema. Akiita "Baba" siitiki. Nageuka nyuma kwanza nione nani anaitwa, na mara nyingi harufu ya moshi huwa imeshafika. Mke wangu ameuliza mara nyingi kwa nini simwitikii mtoto. Nitamwambia nini?

Nawe unayependa kusimulia ya wenzako, sikia. Ukimsikia mtoto analia, kabla hujaeleza dunia anamlilia nani, uliza analia kwa lugha gani. Na aliyekufa akikuomba useme, usimpe zawadi. Sema.