Mji Tuliomchagulia Mama Mkubwa

Siku za mechi, kelele za uwanja zilitufikia jikoni, kwenye ghorofa ya pili ya jengo letu la Bertrams, Johannesburg, zikatetemesha vioo vya dirisha, kisha kimya kikarudi. Mama yangu, aliyekulia Kilosa na kuolewa Morogoro, hakuwahi kujua kama kelele zile zilikuwa za furaha au za majonzi. Aliinua kichwa, akasikiliza kidogo, akaendelea kupiga pasi mashati ya watu. Mimi nilikaa mezani na kikombe cha chai ya maziwa, miguu karibu na hita ya mafuta ya taa iliyonuka mpaka kwenye sare zangu za shule. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Uchaguzi ule mkubwa, wa kwanza watu weusi kupiga kura, ulikuwa umepita miaka michache nyuma, na watu wazima walikuwa bado wanazungumza kana kwamba kila kitu kimeanza upya. Nyumbani kwetu mambo hayakuwa yameanza upya. Yalikuwa yameendelea tu, mahali pengine.

Baba alikuwa mmoja wa vijana waliovuka mpaka, wakaishi uhamishoni miaka mingi, wakarudi wakiwa na mvi na familia nyingine. Kabla ya kuondoka alikuwa ameshamwoa MaKhumalo, kule Orlando, Soweto, na alimwachia mtoto mchanga aitwaye Vusi. Akiwa Morogoro aliamini hatamwona tena, akamwoa Mama, nikazaliwa mimi, Tunu. Tuliporudi, ingawa mimi na Mama hatukuwa tunarudi bali tunakwenda, MaKhumalo alikuwa bado anamngoja. Baba hakumwacha yeyote kati yao. Siku za kazi alilala kwetu Bertrams, na mwisho wa wiki alilala Orlando. Niliambiwa nimwite MaKhumalo mama mkubwa, nami nikakubali kama nilivyokubali baridi ya nchi ile. Nilikuwa nimemwona mara mbili tu, na zote zilikuwa msibani. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hawakusema inakuwaje wavumilivu wakiwa wawili na tunda likiwa moja.

Mwaka huo, baridi ilipoanza, ukaja mwaliko kutoka Italia. Paolo na mkewe Ines walikuwa wamefundisha pamoja na Baba kule Morogoro, na sasa walikuwa wamestaafu. Walitaka kutupa tiketi tatu za ndege na nyumba ya kukaa wiki tatu mashambani, wakati wa likizo ya shule. Kwetu ingekuwa baridi kali, kwao ni kiangazi. Sharti lao lilikuwa moja: tuchague wenyewe mji mdogo tunaoutaka, nao watatafuta nyumba. Baba, aliyewahi kupita huko ujana wake, akabandika ramani ukutani jikoni, na pembeni yake picha alizokuwa amekata kwenye magazeti ya zamani.

Kila jioni baada ya chakula tulisimama mbele ya ramani ile. Baba alikuwa na nadharia yake. Alisema mtu akienda mashambani kule asihamehame na mabegi kama mkimbizi. Achague mji mmoja, asubuhi atoke kwenda kuona mengine, jioni arudi palepale. "Kama kuku," Mama akasema, na Baba akacheka mpaka akakohoa. Yeye alipenda Todi, mji ulio juu ya kilima, kwa sababu aliwahi kusimama pale na kuliona bonde lote. Mama alitaka kujua mengine. Je, maji yanatoka bombani siku zote? Nguo zinaanikwa wapi? Duka la mkate liko mbali kiasi gani, na mtu asiyejua lugha anaweza kununua kwa kuonyesha kidole? Alisikiliza majibu kwa makini ambayo sikuwa nimeyazoea kwake. Kilosa alizaliwa, Morogoro alipelekwa na ndoa, Johannesburg alipelekwa na ndege, na nyumba yetu ya Bertrams alikabidhiwa ufunguo wake kabla hajaiona. Hii ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake mtu kumwuliza angependa kukaa wapi.

Akachagua Spello. Mji huo umepanda mlimani ngazi kwa ngazi, na picha yake ilionyesha kichochoro chembamba chenye vyungu vya maua hadi juu kwenye madirisha. Chini ya mlima kilipita chombo alichokiamini, yaani treni. Aliweka kidole pale, akasema jina lile polepole, akalisema tena siku iliyofuata akikoroga uji. Nilipomsikia, nilijua kwamba tumeshaondoka.

Jumapili moja Baba alirudi mapema akiwa na dada yake mkubwa. Shangazi hakukaa. Alisimama sebuleni bado amevaa koti, akasema na Baba kwa Kizulu, hakuinua sauti. Mama alikuwa jikoni. Kizulu chake kilikuwa cha salamu na sokoni. Mimi nilielewa kila neno. "Polisi walivunja mlango wa yule mwanamke kwa ajili yako," Shangazi alisema. "Amekulelea mtoto. Amemzika mama yetu wewe ukiwa hupo. Sasa unapanda ndege kwenda kupumzika, na nani?" Baba alijibu kwa mguno tu wa mtu aliyeelemewa: "Eish." Mama akaniuliza, "Shangazi yako amesema nini?" Nikamwambia yote kama yalivyo, neno kwa neno, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu katika nyumba ile. Akafunika kopo la sukari. "Amesema kweli," akasema.

Baba hakuligusia jambo hilo kwa siku kadhaa. Alikula, akatazama pembeni ya ramani, akaenda kulala. Mwishowe Mama, akimpakulia mchicha, akasema, "Mpeleke yeye."

"Mama Tunu, ngoja kwanza tuzungumze."

"Nimeshasema. Lakini aje hapa kwanza, nimwone."

Nakumbuka nilikuwa nimeshika kijiko. Nilingoja hasira ije, au kilio. Kilichokuja ni ganzi, kama ile ya mguu uliokaliwa kwa muda mrefu. Ukiugusa unajua ni wako kwa sababu unauona tu. Nikaendelea kula.

MaKhumalo alikuja Jumamosi. Vusi, kijana mrefu mwenye aibu, alimshusha mlangoni akaenda kusubiri garini. Tulisikia fimbo yake kwenye ngazi za jengo letu: inagonga, inanyamaza, inagonga tena. Mama alisimama nyuma ya mlango akisikiliza, na alipofungua hakumtazama usoni kwanza, alitazama nyonga. Mgeni alikuwa mwanamke mnene, mwenye mvi chini ya kitambaa, na alikuwa anahema. Wakakaa mezani, mimi katikati. Chai ikamiminwa.

"Mwambie mama yako sikuja kuchukua kitu," MaKhumalo akasema. Nikatafsiri.

"Mwambie najua," Mama akajibu. "Mwulize mguu unamsumbua tangu lini."

Ulikuwa unamsumbua tangu mwaka wa ule mlango uliovunjwa. Ngazi za kushuka si mbaya, alieleza. Za kupanda ndizo zinazomuua. Mama akainuka, akaibandua ramani ukutani, akaitandika mezani kati ya vikombe. "Mwambie mji tuliouchagua sisi ni mlima mtupu. Hautamfaa." Akapitisha kidole chini, kutoka kwenye mlima hadi kwenye bonde, akakisimamisha Bevagna. Baba alikuwa amewahi kuutaja mji huo na kuupuuza, kwa sababu uko chini kwenye tambarare na hauna mandhari. "Hapa ni sawa kama meza hii. Treni haifiki, watapanda basi. Lakini kuna mto na ukuta wa kale, na ataweza kutoka peke yake kwenda kununua mkate."

MaKhumalo alimtazama Mama. "Mwulize mguu wangu unamhusu nini."

"Mwambie wiki tatu ni nyingi kukaa ndani kwa sababu ya ngazi. Mimi najua kukaa ndani."

Nilipotafsiri maneno hayo, MaKhumalo alishusha kikombe. "Nami najua," akasema. Hapo hawakunihitaji, Mama alielewa kabla sijafungua mdomo.

Ikabaki tiketi ya tatu. MaKhumalo akanielekezea kidevu. "Mtoto aje nasi. Ni wa baba yake." Nikageuka kwa Mama, nikasema kwa sauti ileile niliyoitumia kwa basi na kwa mkate, "Anasema mtoto aje nao." Mama alinitazama, nami nikatazama ramani. "Mwambie ahsante," akasema. "Mtoto atabaki na mimi." Nikageuka tena, nikasema kwa Kizulu kwamba ahsante, mtoto atabaki na mama yake. Niliyasema vizuri, bila kukosea kiambishi hata kimoja.

Walikwenda watatu: Baba, MaKhumalo na Vusi. Mimi na Mama tulipitisha likizo jikoni. Asubuhi tulishuka kununua mkate spaza, kiduka cha mtaani, mchana alipiga pasi, jioni tukaota hita. Ukutani pale ramani ilipokuwa kulibaki pembe nne za gundi. Sikumwona akilia. Nilikuwa ninamvizia, kwa sababu nilidhani akilia nami nitaweza. Baba aliporudi, uso umeungua jua, alikaa kwenye kiti chake na hakujua aanzie wapi.

"Alitembea?" Mama akauliza.

"Kila asubuhi. Mpaka mtoni na kurudi."

"Vizuri," Mama akasema, akampa chai. Hakuuliza jingine lolote kuhusu Italia, siku ile wala baadaye.

Baba alifariki nikiwa nimeshamaliza shule. Kwa desturi ya kwao, mjane hukaa chini kwenye godoro chumbani akipokea waombolezaji. Tulipofika Orlando, Mama alisimama mlangoni na blanketi mabegani, hajui pa kukaa. MaKhumalo, ambaye kwa mguu ule kukaa chini kulihitaji msaada wa watu wawili, akajisogeza mpaka ukutani, akapiga godoro kwa kiganja. Shangazi akafungua mdomo. "Godoro ni pana," MaKhumalo akamwambia. Mama akakaa. Tangu hapo wametembeleana wenyewe, wakisema lugha yao ya kuungaunga, nusu Kizulu nusu Kiswahili, na nikiwa nao hawaniulizi maana ya neno.

Siku hizi mtu huchagua mji wa kulala kwa simu, akisubiri foleni dukani. Mimi mwenyewe kazi imewahi kunifikisha Roma, nikawa na siku nzima ya mapumziko, na stesheni ya treni za kwenda Spello haikuwa mbali na hoteli. Nilikaa chumbani nikatazama televisheni kwa lugha nisiyoielewa. Utotoni mwangu watu wazima walituuliza kama tumekula. Binti yangu anasoma shule ambako mwalimu huwauliza kila asubuhi wanahisi nini, nao hujibu, hata walio na miaka sita. Nilipomsimulia habari hii, alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama alivyofundishwa: "Mama, ulipomwambia yule mama kwamba mtoto atabaki, ulihisi nini?"

Nikamwambia nilitafsiri vizuri. Akangoja niendelee. Nami nikangoja pamoja naye.