Rambirambi kwa Mpiga Gitaa

Mimi nauza dawa za mifugo mjini Isiolo na napenda roki ya zamani. Watu wa mtaa wetu, Bulla Pesa, wananiheshimu kwa hilo la kwanza, la pili wanalivumilia. Mke wangu husema muziki wangu unasikika kama mabati yanayong'olewa na upepo. Sijawahi kumbishia, kwa sababu nyimbo nyingine kweli zinasikika hivyo, na ndizo nzuri zaidi.

Nina orodha za nyimbo kwenye simu na kila orodha ina kazi yake. Kuna ya kufagia duka. Kuna ya kumngoja mteja aliyeuliza bei ya dawa ya kupe mara tatu na bado anafikiria. Ninayojivunia hasa ni ile ya barabara ya Oldonyiro, siku ya mnada, nikiwa na pikipiki na sanduku la dawa nyuma. Inaanza taratibu, ngoma na besi tu, mpaka lami iishe. Vumbi likianza ndipo magitaa yanaingia. Nimeipanga na kuipangua miaka miwili sasa. Ukiweka wimbo wa mapenzi mahali penye makorongo utaanguka, mimi nimeanguka.

Halafu nina desturi moja zaidi, na ndiyo iliyoniponza. Wanamuziki ninaowapenda walikuwa watu wazima hata nilipokuwa mtoto, na siku hizi wanaondoka mmoja mmoja. Kila akifariki mmoja namwandikia buriani kwenye status ya simu, namtengenezea orodha yake ya nyimbo, na siku hiyo simsikilizi mwingine yeyote. Hata laini ya simu naizima, mtu asije akanipigia katikati ya solo ya gitaa. Hawanijui, lakini mimi nawajua, na heshima ni heshima.

Asubuhi moja ya mnada nilisoma kwamba mpiga gitaa niliyempenda kuliko wote amefariki usingizini, kwao ng'ambo, akiwa mzee wa kutosha. Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Niliumia, sioni haya kusema. Nikaweka picha nyeusi tupu, nikaandika: "Mzee ametuacha. Pumzika, baba. Wewe ndiye uliyenilea." Jina sikuweka, maana anayejua angejua. Nikazima laini, nikawasha pikipiki, nikashika njia.

Ilikuwa siku nzuri ajabu. Biashara ilikwenda, mbuzi walikuwa wanene, na marehemu alinipigia gitaa kwenda na kurudi. Niliimba kwa sauti vumbini hadi koo likakauka. Mchungaji mmoja alisimamisha ngamia wake anitazame vizuri.

Alasiri nilipokata kona ya kwetu niliona turubai la buluu limefungwa kutoka ukuta wa plot yetu hadi mlingoti wa stima. Chini yake palikuwa na mikeka, viti vya plastiki na wanaume wamevaa kofia. Upande wa pili wanawake walikuwa wamezunguka lile sufuria kubwa la chai ambalo hutolewa kwa harusi au kwa kifo, na harusi hatukuwa nayo.

Nilimfikiria mke wangu, nikaiachia pikipiki. Lakini mara akatoka mlangoni mwenyewe, mzima, macho mekundu. Jirani yetu wa mlango wa pili, muuza mitumba, akaidaka pikipiki kabla haijaanguka.

"Salaam aleikum. Pole sana, ndugu yangu. Ni kazi ya Mungu."

"Nani amekufa?"

Wakatazamana. Jirani akanishika bega, akaongea polepole kama anayemlisha mgonjwa uji.

"Mzee wako. Mzee ametuacha."

Nilikaa chini mchangani nikalia. Nataka ieleweke kwamba haikunipitia akilini hata kidogo kuwa maneno hayo nilikuwa nimeyaandika mimi. Baba yangu anaishi mbali, Garbatulla, na simu yake huiwasha akitaka kupiga yeye tu. Mara ya mwisho tulipoongea nilimkatia simu haraka kwa sababu mteja alikuwa ameingia dukani. Hilo ndilo nililolilia, kwamba nilimkatia. Wanaume wakanipangusa vumbi, wakaniambia magari mawili yako tayari, walikuwa wananingoja mimi ili tuwahi maziko.

Tulikuwa tunainuka kwenda garini wakati lori la mbuzi liliposimama mbele ya turubai. Mlango ukafunguka, ikatoka fimbo, ikatoka kofia, kisha akatoka baba yangu.

Mama mmoja akaangusha kikombe. Baba akatutazama wote, akatazama sufuria, akajikung'uta kanzu.

"Salaam aleikum. Nimeleta mbuzi, nikaambiwa sokoni kuna msiba wangu huku. Nimechelewa?"

Nilimkumbatia hadi akalalamika kwamba namvunja mbavu. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, kamasi zinanitoka, wala sikujali. Yeye alikuwa na swali moja tu.

"Nani amesema mimi nimekufa?"

Jirani akatoa simu yake, akaisoma status yangu kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya turubai zima. Ala! Nilitamani mchanga unimeze. Nikaeleza basi. Nikaeleza kuhusu mzungu, gitaa, desturi yangu na laini niliyoizima. Halafu mke wangu, ambaye alikuwa ameacha zamani kuzitazama status zangu na habari hiyo alisomewa na majirani, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. Wanawake wakafuata, wanaume wakafuata, na waliokuwa wamekuja na maziwa wakayamimina kwenye chai kwa sherehe.

Baba hakucheka. Alikaa kwenye kiti, fimbo katikati ya magoti.

"Huyo mtu ndiye alikulea?"

"Ni maneno tu, baba."

"Mimi nilikuwa wapi?"

Sasa wote walikuwa wananiangalia. Ningeweza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini nikaona nimwambie ukweli.

"Ulikuwa na ng'ombe, baba. Mimi ulinipeleka shule ya bweni nikiwa mdogo. Kulikuwa na redio ya mlinzi, ilikuwa inapiga huyo mtu kila Jumapili. Nikimsikia nilikuwa naacha kulia."

Akanyoosha mkono.

"Weka nisikie."

Nikamwekea solo ndefu kuliko zote. Alibandika simu sikioni, akafumba macho, akaisikiliza hadi mwisho, watu wakiwa wameshika vikombe vyao bila kunywa.

"Huyu," akasema, "analia kama mtu anatafuta ngamia imepotea. Si mbaya." Akanirudishia simu. "Na buriani yangu umeandika wapi?"

"Wewe uko hai, baba."

"Basi nitasikia vizuri. Watu wako hapa, chai iko, mimi nimetoka mbali. Simama useme."

Nimewaandikia buriani watu ambao sijawahi kuwaona, bila kukwama. Mbele ya baba yangu nilisimama sina hata neno moja. Nikaanza na mambo ya kawaida, kwamba ni mchamungu, kwamba anajua mifugo, naye akawa anatikisa kichwa kwa uvivu kama mtu anayesubiri bei ishuke.

"Sema kitu," akaniambia.

Nikasema basi. "Siku ya wazazi, baba yangu alikuja shule na lori la mbuzi. Wazazi wengine waliingia. Yeye alisimama nje ya geti mpaka saa kumi, kwa sababu nguo yake ilikuwa inanuka mbuzi na hakutaka nichekwe. Mimi nilimwona kutoka dirisha la darasa. Nikajifanya sijamwona. Sijawahi kumwambia."

Baba akavuta kiti kilichokuwa karibu naye ili nikae.

"Nilikuona," akasema. "Ulikuwa umenenepa, nikajua unakula vizuri. Nikarudi nyumbani na furaha. Haya, endelea, bado hujafika kwa mazuri."