Doa Nililolikwangua kwa Wembe

Ushonaji nilijifundisha mwenyewe, kwa kufumua magauni ya mama na kuyashona upya. Mpaka leo mshono ukipinda kidogo tu naufumua wote, hata mteja akiniambia hauonekani.

Kwa hiyo doa jeusi lilipotokea kwenye unyayo wa mguu wa kulia, kingo zake zikitambaa kama wino kwenye pamba, sikuogopa ugonjwa. Niliona aibu. Huwa nashona peku, na wateja wangu wa maofisini hapa Dodoma hukaa wakitazama mguu ukicheza kwenye kanyagio la cherehani. Nikaanza kuvaa soksi.

Mama alikuja kutoka Bahi na mchele wake, akanishangaa.

"Joto lote hili, soksi za nini? Umeota kwato?"

"Mafua, mama."

"Mafua ya unyayo!"

Alipokwenda sokoni, nilichukua wembe ninaofumulia nguo, nikaupitisha kwenye moto, nikalikwangua lile doa mpaka ngozi ikalingana. Nilijisifu kwa kazi safi. Kujisifu kule ndiko kunakonichoma zaidi.

Doa lilirudi, pana zaidi, likawa kidonda kisichokauka. Safari iliyofuata, mama akifua, alikuta damu kwenye soksi. Kesho yake tulikuwa hospitali.

"Uliwahi kulikata?" daktari aliuliza.

Mama alikuwa pembeni yangu. "Hapana," nikasema.

Daktari alikata kipande kidogo, kikapelekwa kupimwa. Majibu yakasema ni melanoma, saratani ya ngozi. Daktari alieleza kwamba kwa sisi weusi hupenda kujificha kwenye nyayo na chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki. Kisha akauliza tena, polepole, kwa sababu kina cha doa ndicho kinachoonyesha hatari yake, na kipimo chake kilikuwa hakieleweki.

"Nililikwangua kwa wembe," nikasema, nikitazama sakafu.

Hakunigombeza. Alisema tu kwamba sasa kina halisi hatutakijua, itabidi akate kwa upana zaidi na anifuatilie kwa karibu.

Nje, mama alinigeukia.

"Ulinificha mimi?"

"Sikutaka uone kasoro."

"Wewe ulizaliwa kichwa kimechongoka kama embe. Nilikurudisha?"

Nikacheka huku nalia.

Walikata, wakaziba kwa ngozi ya pajani. Sasa nakanyaga kwa mguu wa kushoto, na mishono yangu inayumba. Kila nikirudi kliniki, daktari hupapasa kinenani kutafuta mtoki, maana saratani hii ikisafiri huanza kupitia huko. Mpaka sasa hajaupata. Kisha husema, "Vua viatu."

Bado nakunja vidole kuuficha unyayo. Mama, ambaye siku hizi hakubali niende peke yangu, hunigonga goti.

"Nyoosha."

Nami nanyoosha.