Siku Niliyopanda Kitanda cha Wagonjwa Wangu

Kwa miaka kumi na miwili nimekuwa nikiwapima wanawake saratani ya mlango wa kizazi katika zahanati moja ya Malaba, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda. Maneno ya kuwaambia nimeyarudia mpaka mdomo unayasema wenyewe: lala chali, legeza magoti, nitapaka siki kidogo, ukisikia baridi usishtuke. Jioni miguu huwa imevimba. Nikifika nyumbani sitaki kusemeshwa na mtu, hata watoto wangu, na hilo huniuma.

Mwaka juzi mdogo wangu alikuja likizo. Ni mwanajeshi, na alikuwa ametoka kazini huko kaskazini, midomo imepasuka kwa jua. Siku tatu za kwanza alilala tu. Siku ya nne, tukichambua sukuma wiki uani, aliniambia bila kuniangalia kwamba kila akikutana na mume wake hutokwa na damu. Ilikuwa imefika miezi mitano.

"Miezi mitano! Na kambini si mnapimwa?"

"Tunapimwa, tena wanatuhimiza. Lakini daktari wetu ni afande, dada. Kila asubuhi nampigia saluti. Nitampigiaje saluti mtu aliyenimulika na tochi huko chini?"

"Basi kesho njoo zahanati nikupime mimi."

"Wewe ndiyo kabisa sitaki. Wewe ulinibeba mgongoni." Akageuka, akanitazama. "Na wewe ulipimwa lini?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimechoka mno kudanganya.

"Sijawahi."

Akaweka kisu chini. Nikamweleza kwamba zahanatini tuko wauguzi wawili, na mwenzangu ni msichana niliyemfundisha kazi mwenyewe. Tunakunywa chai pamoja, ananiita mama. Kila mwaka nilijiambia nitaenda kwingine, wiki ijayo, na wiki ijayo haikufika. Mdogo wangu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaacha kucheka.

"Kesho twende Busia," alisema. "Huko hakuna anayetujua."

Tukaenda. Kwenye benchi la hospitali alikaa wima kama yuko gwaride, kitenge kimemkaza magotini. Muuguzi alikuwa mama wa umri wangu. Nilimtambua kwa jinsi alivyoegemea ukuta kupumzisha mguu mmoja. Hata mimi huegemea hivyo hivyo.

Mdogo wangu aliingia kwanza. Alitoka akiwa na uso mwepesi. Walikuwa wamekuta kinyama kidogo kwenye mlango wa kizazi, wakakitoa papo hapo na kukipeleka maabara. Baadaye majibu yalisema hakikuwa saratani, na damu ile haikurudi.

Kisha mimi. Nilisikia maneno yangu yakitoka kinywani mwa mtu mwingine: lala chali, legeza magoti. Alipaka siki, ile inayofanya sehemu yenye kasoro igeuke nyeupe. Akasubiri dakika moja, halafu akaendelea kusubiri. Kimya kile nakijua. Nimekaa ndani yake upande wa pili mara nyingi.

"Mama, unafanya kazi gani?" aliuliza.

"Muuguzi. Napima hiki hiki kipimo."

Alishusha pumzi. "Basi sitakuzungusha. Kuna doa jeupe. Dogo, na linaonekana lote. Si saratani, lakini tukiliacha linaweza kuwa. Tulichome leo?"

"Lichome."

Kifaa cha joto alichokigusisha kwenye doa kilikaa chini ya dakika moja. Maumivu yalikuwa kama ya hedhi. Nililia, naye akadhani nimeumia. Sikuwa nimeumia. Nilikuwa nimelala mchana, mtu mwingine ananihudumia, na sikukumbuka mara ya mwisho jambo hilo kutokea.

Kuna la kumwambia mume baada ya hapo. Wangu ni dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa amekwama kwenye foleni ya mpaka, kwa hiyo nilimkuta garini. Nilimwambia tumekatazwa kukutana kwa wiki sita.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimetibiwa kabla sijaumwa."

Aliwaza, mkono kwenye usukani. "Wiki sita nitalala na watoto," alisema. "Nikilala karibu na wewe nitasahau."

Jumatatu nilimweleza mwenzangu pale zahanatini, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisibebe vitu vizito na alikuwa akinishangaa. Nilitegemea angeudhika kwamba nilimkwepa. Alifuta meza ambayo ilikuwa safi.

"Na mimi mama, nani atanipima?"

Nilimpigia simu yule muuguzi wa Busia. Alicheka kwa uchovu, akasema hata yeye anatafuta mtu. Tukakubaliana: mwenzangu akaenda kwake, na yeye akaja kwangu Alhamisi moja, akapanda kitanda changu. Wote wawili walikuwa salama.

Mwaka uliopita nilirudi Busia kuangaliwa tena. Doa halikuwepo. Nilipompigia mdogo wangu nikiwa zahanatini kwetu, mtandao wa huko aliko ulikuwa unakatika, nikalazimika kurudia mara tatu.

"Nimesikia, dada," alisema mwishowe. "Afande wangu wa kike naye nilimpeleka kupimwa nje ya kambi wiki jana, tulishikana mikono. Sasa weka simu chini upumzike."

Nje ya mlango kulikuwa na wanawake tisa kwenye benchi. Nikanawa mikono, nikamwita wa kwanza.