Wawindaji Wawili, Sidii Moja

Baba yangu hakuwahi kupanda farasi, lakini Uvira nzima, kule Kongo, ilimjua kwa makauboi. Alikuwa mtafsiri wa filamu. Kwenye banda la video karibu na soko alikaa kando ya televisheni, kipaza sauti mkononi, akawasemea watu wote waliomo kwenye picha: jambazi, mjane, askari, hata farasi akipiga chafya. Kiingereza alikijua kidogo, Kiitaliano hakukijua kabisa. Asichokielewa alikitunga, na watu walirudi kesho yake kusikiliza alivyotunga.

Picha yake kubwa ilikuwa moja ya zamani, ya kauboi, iliyotengenezwa na Waitaliano. Wanaume wawili wanaishi kwa kuwasaka majambazi wanaotafutwa na serikali. Wakimleta mtu, hai au maiti, wanapewa zawadi. Mmoja ni mrefu mwenye kikohozi, mwingine ni mfupi anayemenya chungwa kila anapofikiri. Wote wanamtaka jambazi yuleyule, na nusu ya picha wanatiliana fitina wao kwa wao badala ya kumtafuta. Yule mrefu baba alimpa Kiswahili chetu cha Uvira, na yule mfupi akampa cha Kigoma, cha mtu anayejiona amesoma. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Picha za namna hiyo zinapenda kunyamaza. Wanaume wanasimama uwanjani, wanatazamana, upepo unavuma, unaona macho tu. Baba hakuvumilia ukimya. Siku wenye banda walipomrekodi ili watie sauti yake kwenye sidii ya picha ile, mimi nilikuwa nachungulia banda badala ya kwenda kuchota maji. Pambano la mwisho limefika, bastola zinasubiri, akasema kwenye kipaza sauti: "Binti yangu, nakuona hapo mlangoni. Mama anangoja maji." Banda zima liligeuka kunitazama. Nilikimbia nikilia kwa aibu, na maneno yale yakabaki ndani ya sidii.

Alikufa mimi na kaka yangu tukiwa Johannesburg. Mimi nasuka nywele Doornfontein, kaka ni mlinzi kwenye duka la vitambaa Fordsburg. Makaratasi yetu ya ukimbizi hayaruhusu kwenda kuzika. Ukirudi nyumbani, umeyapoteza. Tulimlilia kwenye simu, watu wakitupa pole kwa sauti za kukatikakatika. Mwaka 2017 shangazi akapata kopi moja ya ile sidii, akampa mama mmoja wa kanisa letu aliyekuwa anarudi huku kwa basi. Banda lilishafungwa, kopi nyingine haikuwepo. Sauti ya baba hatukuwa nayo mahali pengine popote, si kwenye simu, si kwenye kanda.

Hapo kaka na mimi tukawa wale wawili wa kwenye picha. Yeye alisema ni mkubwa, tena mwanamume, cha baba ni chake. Mimi nilisema ni mimi baba anayeniita humo ndani. Siku basi lilipofika, nilikwenda kituo cha Park kumpokea yule mama bila kumwambia kaka, nikamkuta kaka ameshasimama pale, naye hakuniambia. Tulisalimiana kama watu wa ofisi moja. Mama yule alinikabidhi mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyewahi begi lake.

Tulikubaliana jambo moja tu: siku ya kuondoa matanga, Jumapili baada ya ibada, watu waje kwangu tuicheze. Wenzetu wana kaburi la kwenda kusimama, sisi tuna sauti. Niliwaahidi watu wa kanisa kwamba watamsikia baba yetu kwa masikio yao. Ilipobaki wiki, kaka akaja akaijaribu kwenye mashine yangu.

"Inarukaruka," akasema. "Fordsburg kuko fundi. Atasafisha sauti, aitie kwa flash."

"Haitoki hapa."

Siku mbili baadaye, mimi nikiwa saluni, alikuja akaichukua kwa watoto wangu. Nilimpigia simu.

"Yaya," nilisema, kama tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, "umeiba."

"Nitaiba je kitu ya baba yangu? Jumapili utanishukuru."

Jumapili ikafika. Flati ilijaa, akina mama wameleta bugali na ndagala, dagaa wa kwetu, wazee wamekaa kitandani kwa kukosa viti. Kaka alikuja na sare yake ya kazi, akachomeka flash kwenye televisheni. Picha ilikuwa safi ajabu. Sikuwahi kujua kwamba shati la yule mfupi ni la kijani. Kisha yule mrefu akakohoa, akafungua mdomo, akazungumza Kiingereza.

Tulingoja. Mimi nilidhani baba amechelewa kidogo kuanza.

"Sasa baba yenu iko wapi?" mzee mmoja akauliza.

Kaka akampigia fundi palepale. Fundi, mzaliwa wa huku asiyejua Kiswahili, alieleza kwa adabu zote. Aliambiwa aondoe kelele. Kulikuwa na mtu anapayuka juu ya filamu mwanzo mpaka mwisho, ameshindwa kumtoa, basi ametutafutia kopi nzuri. Ile mbovu ameitupa, na taka zimeshachukuliwa. Siwezi hata kumchukia. Alifanya alichoombwa, akakifanya vizuri.

Nilitaka kuizima. Binti yangu, aliyezaliwa hapa Joburg, akaniambia kwa Kiingereza tuiache, sasa angalau inasikika. Alikuwa anafurahi. Watoto wote walikuwa wanafurahi, kwa mara ya kwanza walielewa babu yao alikuwa anawachekesha watu kwa kitu gani. Niliumia kuliko siku ya msiba.

Nilimtazama kaka. Katika sidii ile baba hakumtaja hata mara moja. Kama alimwambia fundi vibaya kwa ujinga au kwa wivu, sijui, na sitajua, maana siwezi kumwamini akinijibu. Niliyaona mabega yake yameshuka ndani ya sare. Sikumwonea huruma.

Hakuna aliyeizima. Tukafika pambano la mwisho. Wanaume uwanjani, upepo, macho. Kimya kile ambacho baba hakukivumilia kikajaa chumba kizima, na watu wa kanisa wakaacha kutafuna. Ndipo kaka, amesimama pembeni ya televisheni, akasema kwa sauti ambayo sikujua kwamba anayo, ya baba kabisa:

"Binti yangu, nakuona hapo mlangoni. Mama anangoja maji."

Akina mama wakashika vifua. Kaka akaongeza kwa sauti ileile:

"Na kaka yako pia namuona."

"Baba hakusema hivyo," nilimwambia.

"Najua," akajibu, bila kuacha kutazama picha.