Kikao cha ukoo kilinichagulia udaktari wa watu, nikakosa kote: nilivyoomba upya udaktari wa mifugo

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, kuandika huwa siandiki. Ila leo asubuhi kuna mtu kanipigia simu (nitamtaja mwishoni), nikapandwa na hasira, nikaona bora niyaseme hapa kuliko kumjibu vibaya mtu mzima. Sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wa kwetu nao wanapita humu.

Ni ndefu kidogo. Mwenye haraka asinilaumu.

Kwetu ni Kibosho, kule juu mlimani. Mzee alifariki nikiwa shule ya msingi, tukabaki mimi na Mama kwenye kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo: migomba, kahawa kidogo, na ng'ombe mmoja wa maziwa.

Sasa yule ng'ombe hakuwa wetu. Alikuwa wa baba mdogo, tumwite Proches, mfanyabiashara, anakaa Shirimatunda pale Moshi. Wachaga mnaujua huu utaratibu, wengine nieleze: mwenye ng'ombe anamweka kwa ndugu. Ndugu analisha, anachukua maziwa na mbolea. Ndama ni wa mwenye ng'ombe.

Kwa hiyo Mama kila siku ya Mungu anashuka kukata majani, anapanda nayo kichwani, anakatakata migomba, anasafisha banda. Na ng'ombe ni wa Proches.

Mimi nimekulia kwenye lile banda. Nikiwa Form Two ng'ombe alishindwa kuzaa, ndama amekaa vibaya tumboni. Akaja daktari wa mifugo, tumwite Mbwambo. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo ya maji ya moto. Alivyomvuta yule ndama, akamsafisha pua, akaanza kupumua, nikasema basi, kazi yangu ni hii. Tangu siku ile sijawahi kubadilisha mawazo.

Shida ikawa ukoo.

Kwetu Krismasi kila mtu anapanda nyumbani, hata awe wapi. Baada ya misa na nyama kunakuwa na kikao. Zamani, naambiwa, kikao kilikuwa cha mipaka ya vihamba. Siku hizi ajenda kubwa ni mtoto gani asomeshwe na asomee nini. Mchango unatoka mifukoni mwao, kwa hiyo kila mtu anajiona ana kura kwenye maisha yako.

Mwaka niliokuwa Form Six, nasoma PCB (Physics, Chemistry, Biology), baba mdogo akasimama akatangaza: "Manka atakuwa daktari." Makofi.

Nikainua mkono kama niko darasani. Nikasema mimi nataka udaktari wa mifugo.

Wakacheka. Mmoja akasema:

"Yaani ukoo mzima tuchange, mtoto akae chuo miaka yote hiyo, arudi kushika mkia wa ng'ombe? Si mkia uko hapo bandani, akaushike bure!"

Wakuu, waliocheka wote wana ng'ombe. Wote! Kuna baba mkubwa mmoja akipiga simu nyumbani kwake anauliza ng'ombe kaamkaje kabla hajauliza wanawe. Lakini mtu anayetaka kusomea kumtibu huyo ng'ombe ni kichekesho. Hili jambo mpaka leo linanichosha.

Matokeo yakatoka. Biology nzuri, Chemistry ya wastani, Physics ya kuponea. Kwa udaktari wa watu hapo hakuna kitu, hata aliyekuwa anapita njiani angekwambia. Kwa mifugo kulikuwa na uwezekano, kama mtu angeomba kwa akili.

Tatizo sikuomba mimi.

Namba yangu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ilikuwa haijatoka, kwa hiyo sikuwa na laini ya simu yangu. Baba mdogo akasema usijali, akanifungulia akaunti za maombi kwa simu yake na email yake. Mimi nimekaa pembeni sebuleni kwake Shirimatunda. Akaanza kujaza: udaktari wa watu, famasia, maabara, uuguzi. Mifugo akaiweka mwisho kabisa, chuo kimoja tu, "ya kujazia".

Nikamwambia, "Baba mdogo, naomba hiyo ya mwisho iwe ya kwanza."

Akanijibu, "Kunywa soda, Manka."

Nikanywa soda. Ndugu zangu, unadhani ningefanya nini? Ni baba yangu yule kwa mila zetu, na ada ya shule alitoa yeye.

Majibu yakaja, sikuchaguliwa popote. Udaktari wa watu sikuwa na sifa. Hizo za katikati wenye alama nzuri walikuwa wengi. Mifugo nafasi zilijaa walioiweka mwanzo.

Dirisha la pili la maombi likafunguliwa. Nikajipa moyo, safari hii naweka mifugo juu. Password anayo yeye. Namba za uthibitisho zinaingia kwenye simu yake. Nampigia kwa simu ya Mama hapokei, yuko kwenye shughuli zake. Nimekuja kumpata, ananiambia kwa upole kabisa, "Tulia mwanangu, nimeshakuombea."

Umeniombea nini?

Udaktari wa watu. Tena. Kwa matokeo yaleyale!

Siku hiyo nililia mpaka Mama akaogopa.

Wenzangu wakaripoti vyuoni, mimi nakata majani. Kila ninayekutana naye ana ushauri. Nenda ualimu. Nenda kozi ya kompyuta. Kuna mama mmoja wa jumuiya akaniambia niolewe kwanza, chuo hakihami. Sikumjibu, nilimwamkia tu nikapita.

Nikamtafuta Daktari Mbwambo. Alikuwa amehamishiwa kazi kule Chekereni kwa wakulima wa mpunga. Nikashuka, nikamweleza yote. Hakunionea huruma, na namshukuru kwa hilo.

"Kuja kujitolea hapa kwangu hakukuongezei hata pointi moja," akasema. "Mfumo unaangalia matokeo. Rudia Chemistry na Physics. Halafu kama unataka kujua hii kazi unaiweza au unaiota tu, njoo siku ambazo husomi."

Nikafanya vyote viwili. Nikajiandikisha kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, nikaanza tuition pale mjini. Hela ya tuition ilikuwa ni yale maziwa. Mama alikuwa anauza karibu yote, sisi tunabaki na ya chai.

Siku nyingine niko Chekereni, jua la kule si la kwetu mlimani, tope la mashamba ya mpunga mpaka magotini. Nimepigwa teke la paja nikachechemea karibu wiki. Nikagundua sijaota, naipenda kweli.

Ikafika Krismasi nyingine. Wakapanda wote.

Mkesha ule ng'ombe akazaa salama, ndama jike, akanyonya vizuri. Mama anacheka peke yake. Asubuhi tumerudi misa, nakuta ng'ombe amelala na hataki kuinuka. Masikio ya baridi. Shingo ameikunja kuelekea ubavuni.

Nilikuwa nimeshaiona hiyo Chekereni. Ni homa ya maziwa. Madini ya mwili yanakimbilia kwenye maziwa, ng'ombe anaishiwa nguvu. Anatakiwa kuwekewa dawa ya mshipani haraka na mtu anayejua. Mimi si daktari, sikujaribu kitu. Nikampigia Mbwambo, naye Krismasi alikuwa kwake Moshi mjini. Akasema anapanda pikipiki anakuja.

Nikaenda kumwambia baba mdogo, maana ndiye mwenye ng'ombe.

Wakuu, kwenye ukoo wetu kuna kitu kimoja. Ng'ombe akizaa haonwi na mtu baki mpaka kitovu cha ndama kikauke kidondoke. Wanaogopa jicho la husuda. Ndiyo maana banda liko ndani kule na limezibwa.

Baba mdogo, mtu anayelipa na kulipwa kwa simu, aliyevaa suti siku hiyo, akaniambia daktari ni mtu baki. Nikamwambia huyu ndiye alimtoa ndama wa mwanzo. Akasema ule ulikuwa uzazi wenyewe, hii ni baada ya uzazi. Akachukua namba, akampigia Mbwambo, akamwambia asije, ng'ombe anapumzika.

Anapumzika!

Halafu wakaendelea na kikao. Mnajua ajenda ilikuwa nini? Ilikuwa mimi. Kwamba Manka amefeli, apelekwe wapi. Pale walikuwepo injinia, wakili, mhasibu na mfamasia, watu wazima wenye shahada zao, wanajadili Manka aende uuguzi wa cheti au maabara, na ng'ombe anakufa nyuma ya ukuta waliouegemea. Mimi naenda bandani, narudi, naenda, narudi. Nikasema tena. Nikaambiwa mtoto hakatizi wakubwa.

Mchana ukapita. Alasiri ng'ombe hainui kichwa. Ndipo wakatoka, wakamtazama, mmoja akasema achinjwe kabla hajafa, nyama isipotee.

Akachinjwa.

Na nyama ikagawanywa kwa utaratibu kama ilivyo desturi, kila mtu fungu lake kwa ukubwa wake. La Mama likaletwa jikoni juu ya jani la mgomba. Alilitazama akalisogeza pembeni. Hakulia. Akafuta mikono kwenye kanga, akatoka nje walipokaa wanaume. Mama yangu hajawahi kufungua mdomo kwenye kikao tangu aolewe.

Akamsemesha baba mdogo kwa jina la binti yake mkubwa, kama anavyomwita siku zote.

"Baba Aika, naomba kuuliza. Mimi ndiye niliyemkatia yule ng'ombe majani miaka yote. Wewe umemwona Krismasi hadi Krismasi. Mtu baki kwenye lile banda alikuwa nani?"

Baba mkubwa akaanza kutafuta miwani yake, na ilikuwa usoni.

"Ndama anabaki kwangu," Mama akasema. "Na huyu mtoto ataomba anachokitaka yeye."

Akarudi jikoni. Habari ya uuguzi na maabara ikaishia pale, sijaisikia tena.

Msidhani baada ya hapo mambo yakanyooka. Maziwa ndiyo yalikuwa tuition yangu, na maziwa yalikwisha siku ile. Mama akauza majogoo, akauza ndizi. Ndama tukamnyonyesha kwa chupa, maziwa tunaomba kwa jirani. Muda mwingi nilisoma mwenyewe na past papers, mguu mmoja nimeuweka kumzuia ndama asile karatasi. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ndiyo iliyonisomesha.

Mtihani nikafanya. Chemistry ikapanda, Physics ikapanda.

Namba ya NIDA ilikuwa imeshatoka. Nikasajili laini yangu, nikafungua email yangu, nikakaa na simu ya Mama yenye kioo kilichopasuka, nikaomba mwenyewe. Chaguo la kwanza, udaktari wa mifugo. Nilisoma sifa za kozi neno kwa neno, sikuweka hata moja ya kufurahisha mtu.

Nikachaguliwa.

Baba mdogo akaandika kwenye group la ukoo: "Hongereni wanaukoo, TUMEPATA DAKTARI." Mtu akauliza daktari wa nini. Akajibu kwa vile vikono vya kusali. Hajawahi kutamka neno mifugo mpaka leo. Ila alishanunua ng'ombe mwingine, na akikohoa tu napigiwa simu niko katikati ya kipindi.

Sasa niko chuoni, mwaka wa pili, na yule ndama ana mimba. Mama ameshamwambia kila mtu kwamba akizaa mlango wa banda utakuwa wazi.

Turudi kwenye simu ya leo asubuhi.

Alikuwa baba mdogo. Aika, yule binti yake, amemaliza Form Six. Mtoto anapenda umeme wa magari, anataka chuo cha ufundi, amekisema tangu akiwa mdogo. Baba mdogo ananipigia nimshauri aende Sheria, maana "wewe anakusikiliza". Halafu akamalizia kwa sauti ya mtu aliyekutendea wema: "Lakini nimeshamfungulia akaunti kwa simu yangu, asihangaike."

Wakuu, huyu mtu amepoteza ng'ombe, amenipotezea mwaka, na hajajifunza hata nukta. Na mbaya zaidi anampenda yule mtoto kweli, kama alivyonipenda mimi.

Nikasema sawa baba mdogo, nikakata. Nikampata Aika kupitia rafiki yake. Nikamwambia toka hapo Shirimatunda sasa hivi, nenda mjini na namba yako ya NIDA, kasajili laini kwa jina lako. Akasema bado hajanywa chai. Nikamwambia chai utaikuta.

Ninachotaka wadogo zangu mnaosubiri matokeo mwelewe ni hiki. Kama ulikosa, soma sifa za kozi mwenyewe, rudia somo lililokuangusha, na unachokitaka kiweke juu. Anayekulipia ada mheshimu, mwamkie, mbebee mzigo. Ila password ya maombi yako usimpe, hata awe mzazi.

Nakaribisha maoni, na matusi pia kama mnaona nimemkosea adabu mzee wangu. Waliorudia mtihani wakatoboa, au ambao ukoo uliwachagulia kozi, njooni mseme yaliwakuta nini. Walimu mliopo humu, mwelekezeni na Aika, atasoma.

NYONGEZA: Nilikuwa nataka kubonyeza kutuma, imeingia meseji kutoka namba nisiyoijua.

"Dada Manka ni Aika. Hii ni yangu."