Namna Nilikwama mu Dirisha ya Nyumba Yangu Mwenyewe

Hii haya iko yangu, na sitaki muntu mwengine awasimulie, maana hapa Mubi kila muntu anaisimulia na kuongeza chumvi, kuko hata wale wenye kusema nililia (sikulia, jasho iliniingia mu macho). Basi mukae, nitasema mwenyewe namna siku ya Mungu, watu wakitoka misa, mimi mwenye nyumba, mimi niliyeweka manjanja, bati ya paa, ya kwanza ku barabara yetu, ile inayong'aa mpaka madereva wa kamyo wanafunika macho, nilikwama mu dirisha yangu mwenyewe, kichwa ndani, matako inje, mbele ya wakristu wote.

Mbele ya yote mujue mimi ni nani. Nilizaliwa Kibabi, kule milimani Masisi, na masomo niliacha mapema, maana mwalimu alimwambia baba: "Huyu mutoto anajua tu kuhesabu vitu vya wengine." Alifikiri ananitukana! Nikashuka mu pori na maharagi ku kichwa, nikauzia watu wa mine, wachimba mawe ya kompani, wenye walikuwa wamechoka na muhogo asubui na mangaribi, kisha nikanunua kinga, baiskeli ya kubebea, kisha duka, kisha tumbo (muntu asiye na tumbo, nani atamukopesha kitu?). Na wakati kompani ilileta watu wengi, nikajiuliza: hawa wote wanalala wapi? Njo nikajenga nyumba ya kupangisha, matofali ya kuchoma, simenti chini, na hakuna muntu aliyenifundisha.

Sasa, mimi niko hivi: muntu akiniamkia vizuri sana, nashika mufuko yangu. Hata mbele ya kupata mupangaji nilikuwa nimeshamuona mu mawazo, muizi, anatoka mangaribi kwa mulango ya nyuma na kitanda yangu ku kichwa. Kwa hiyo nikaweka sheria mbili. Ya kwanza: nyumba haitakuwa na mulango ya nyuma, mulango ni moja tu, ya mbele, inayotazama duka yangu, nione kila kinachoingia na kinachotoka. Ya pili: hakuna mugeni kulala, maana mugeni ni mbegu, unamuacha alale siku moja, kesho amezaa ukoo.

Fundi wangu, Petelo, alisimama na mwiko ya simenti mu mukono, akacheka.

"Papa Boni, hii nyumba iko na kinywa tu. Itajisaidia wapi?"

"Jenga," nikamwambia. Hiyo neno moja, "jenga", njo ilileta yote.

Mupangaji wa kwanza alikuwa Donati, karani wa mine, muntu wa Walikale hapa hapa, kijana mupole, na bibi yake Folomina, mwenye mimba iliyokuwa inamutangulia mu njia. Nikawasomea sheria zangu, nimesimama, mikono nyuma kama Muzungu wa teritware, mutawala wa inchi. Donati akajibu: "Ndiyo, Papa." Mbio hivyo! Hata hakuuliza kitu! Nikarudi duka nikamwambia bibi yangu, Mama Regina, muntu anayekubali mbio hivyo anaficha kitu. Mama Regina akasema labda ana adabu. Adabu! Mimi adabu ya watu naijua.

Basi mwezi ya kwanza ilipita muzuri (njo ilizidi kunitia wasiwasi), kisha asubui moja niko ku baraza ya duka, najifanya napanga sabuni, naona dirisha ya chumba cha kulala inafunguka, ile ya pembeni inayotazama njia ya misa, mufuko inatupwa inje, halafu muguu ya Donati, halafu Donati muzima, anashuka kinyumenyume kama mutoto wa mbuzi anayetoka mu shimo. Nikamuendea.

"Donati, mulango yangu imekufa?"

"Hapana, Papa. Mulango iko muzima."

"Sasa?"

"Nilikuwa na haraka, Papa." Na macho chini, namna hii.

Haraka! Muntu wa haraka anapita mulango, hapandi dirisha! Na kesho yake tena, na kesho kutwa, na mangaribi anarudi kwa njia ileile, anagonga dirisha kidogo, bibi anamufungulia, anaingia kichwa mbele. Nikaenda ku ukuta yangu, nikajifanya napima kama tofali imelegea, nikaweka sikio. Ndani nikasikia tu... tu... tu... kitu kinapondwa polepole, kama muntu amefunga kitambaa ku mutwangio ili sauti isitoke.

Mu Mubi kila muntu anajua kitu gani kinapondwa kwa kujificha: mawe ya kompani, yale meusi mazito. Ukishikwa nayo ni fimbo na gereza, na mwenye nyumba anaulizwa yeye wa kwanza. Nikaona nyumba yangu inachukuliwa na Bulamatari, serikali ya Wazungu, nikaona polisi wanashusha manjanja yangu moja moja, maharagi yote niliyobeba ku kichwa toka Kibabi imekuwa bure. Sikula tena vizuri.

Mama Regina akasema: "Muulize tu. Ao niache niende niamkie yule bibi, siku zake zimefika."

"Usiende! Utawashitua, watazika mawe!"

"Weye Boni, hata kuku ikitaga unauliza yai ni ya nani."

Siku ya Mungu nikaona Donati hakwenda misa (muntu wa misa kila siku ya Mungu!), nikakimbia kuita polisi mumoja tuliyejuana. Akaniuliza: "Papa, uko na hakika?" Nikamwambia mimi toka lini nilikosa? Mupango ulikuwa wangu: yeye agonge mulango, mimi nisimame pa dirisha, muizi akitoka na mufuko namushika na mawe yake mu mukono. Nilikuwa nimevaa pantalo yangu ya kaki, mupya, juu nilijua watu watatoka misa na wataniona nikiokoa inchi.

Polisi akagonga. "Fungua! Serikali!"

Kuponda kukanyamaza. Dirisha ikafunguka, mufuko ikachungulia. Nikaishika. Ndani muntu akavuta, na mimi nikavuta, nikapanda ku jiwe, nikaingiza kichwa, nikaingiza mabega, nikajisukuma na tumbo, na tumbo ikakataa. Mbele haiendi, nyuma hairudi. Donati alikuwa mbele yangu bila shimizi, jasho inatiririka.

"Papa, toka! Nakuomba, toka nipite!"

"Hupiti! Toa mawe!"

"Mawe gani? Papa, mama anakuja!"

"Mama gani?"

Mama alikuwa pale mu mulango ya chumba, mwanamuke mufupi wa nguvu, mwiko ya kupika sombe, majani ya muhogo, mu mukono, amesikia wanaume wanapigana pembeni ya mutoto wake mwenye mimba, amekuja kuua muizi. Na mbele ya kuona muizi, akaona mukwe wake. Uso kwa uso, kifua wazi.

Ninyi wenye kujua munajua. Kwetu Masisi ni hivyo, na hapa Walikale ni hivyo zaidi: mwanaume na mama wa bibi yake hawaangaliani mu macho, hawapishani mu mulango moja, na yeye hali chakula mahali mama anamuona. Ni heshima, siyo chuki. Mimi mwenyewe kule Kibabi mara ngapi nimeingia mu migomba na kofia mu mukono ili mama-mukwe wangu apite! Nilijua! Lakini nilikuwa nimejaza kichwa na waizi, heshima haikupata nafasi ya kukaa. Yule mama alikuja usiku, mimi nimelala, kuzalisha mutoto wake, akajificha mu chumba ya mbele penye mulango ya pekee, na Donati, kijana wa watu, akabaki na dirisha. Kuniambia hakuweza, nilikuwa nimekataza wageni. Na siku ile kwenda misa ilimushinda, Folomina alikuwa ameanza kusikia uchungu ya mugongo, akaogopa kumuacha; na polisi alipogonga, akajua mama atakimbilia chumba kile, njo akataka kupita dirisha.

Mama akapiga kelele moja, akajifunika kikwembe ku kichwa yote, na sasa haoni kitu, akaanza kupiga mwiko mbele yake. Donati alikuwa ameshaingia chini ya kitanda. Mbele yake kulibaki kichwa yangu. Sombe ilikuwa ya moto.

Inje nikasikia misa imetoka.

"Ni nani ule?"

"Angalia pantalo. Ni Papa Boni."

"Papa Boni anaiba kwake mwenyewe?"

"Labda mupangaji alimunyima ufunguo!"

Katekista akageuza watoto vichwa. Polisi akanishika miguu akavuta, Petelo fundi akashika mukaba ya kiuno, na mimi nikatoka, lakini pantalo ilishikwa na musumari ya dirisha, na siwezi kuendelea hapo. Mama Regina akanifunga kikwembe yake kiunoni. Mu mufuko kulikuwa nguo za kazi, sabuni, na sahani tupu ya Donati, maana alikuwa anakula kwa rafiki yake. Na kilichopondwa ni sombe, na majani ya kuogesha mama mwenye kuzaa.

Watu walicheka mpaka sauti ya yule mama ikatoka ndani, nyuma ya pazia.

"Folomina, funga mizigo. Utazalia kwetu."

Kicheko ikakatika. Kwao ni mbali, ni pori, ni kwa miguu. Folomina alitoka, akashika ukuta kwa mukono moja na mugongo kwa mukono ya pili. Donati, ameshapita dirisha, alikuwa amepiga magoti inje, mugongo ku nyumba, analia kama mutoto, anasema: "Mwambieni mama, kosa ni yangu, bibi yangu asitembee, mutoto ataanguka mu njia." Sasa haikuwa tena mambo ya nyumba.

Nikapiga magoti pa mulango, na kikwembe ya bibi yangu.

"Mama, mimi njo mwenye makosa."

"Wewe njo ile kichwa?"

"Ndiyo, Mama."

"Hiyo kichwa iko na kinywa?"

"Iko."

"Sasa juu ya nini haikuuliza?"

Mimi mwenye maneno mingi, nikainamisha ile kichwa mpaka chini. Wazee wakakaa pale pale, wakasema macho yaliyokutana yanaoshwa na mbuzi, na mbuzi itatoka kwa muntu aliyeyakutanisha. Wakachagua wenyewe ile yangu ya mafuta. Na Mama akasema kuua mbuzi haitoshi, halali tena mu nyumba yenye mulango moja. Basi Petelo akaleta nyundo, akatoboa ukuta yangu ya nyuma, watu wameketi ku viti wanaangalia, na kila tofali ikianguka wanapiga makofi.

Folomina alizaa musichana mu nyumba ile, salama. Na ninyi munaotaka kupangisha, sikieni muntu aliyejenga kwa nguvu yake: usimuulize mupangaji ana kazi gani tu. Muulize ana wazazi gani, bibi yake ana mama ao hapana, na akija atakaa wapi. Kisha upime milango. Na mimi nimeapa, nikisikia tena kitu kinapondwa kwa mupangaji, nitabisha hodi na kuomba sahani.

Yule mama alibaki kulea mujukuu. Siyo mama-mukwe wangu, sikuoa mutoto wake, tunaweza kuangaliana hata siku nzima. Lakini kila asubui akipita na mutungi ya maji anasimama mbele ya duka, anaita kwa sauti kubwa: "Kichwa, umeamkaje?" Na mimi, mwenye manjanja, ninachutama nyuma ya magunia ya maharagi mpaka apite.